Fimbo ya pool ya mpingo mtupu: itapiga vizuri au najidanganya?

Bwana Kona

Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja maana najua hapa kuna mafundi na kuna wachezaji na kuna wale wa kuja kucheka tu, wote karibuni.

Mi nacheza pool pale mtaani kwetu Sinza mwaka wa sita sasa. Sio bingwa ila nikiweka sarafu mezani kuna watu wanakumbuka ghafla wameacha maji jikoni. Shida yangu ni fimbo za baa. Moja imepinda kama mkia wa ng'ombe, nyingine ile ngozi ya kwenye ncha inayogusa mpira imeisha imebaki ngumu kama kisigino, ukipiga inalia TAA! halafu mpira mweupe unaenda unakotaka wenyewe. Juzi jamaa mmoja karudi kutoka nje na fimbo yake ya vipande viwili ya kufunga kwa skrubu, akaniachia gemu mbili. Aisee. Yani ukigusa mpira unasikia "tok" moja nzito imetulia, mkononi unahisi kabisa umeupata wapi. Nikarudi kwenye ile ya baa nikajiona kama napiga kwa mpini wa fagio.

Sasa pale Mwenge kwa wachonga vinyago kuna fundi namfahamu, anakereza mpingo vizuri sana, bakuli, mikongojo, vishikio vya visu. Nimemuuliza kama anaweza kunichongea fimbo nzima ya mpingo, mbele mpaka nyuma, kasema anaweza. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mti mgumu = pigo kali, na mpingo hakuna mgumu kama huo, tena ni wa kwetu. Lakini rafiki yangu kanambia mti hauna maana yoyote, kinachopiga ni ngozi ya mbele tu, hayo mengine ni urembo. Na mwingine kasema siri iko kwenye jointi, pale vipande viwili vinapofungana. Kila mtu na lake.

Nani anajua hii kitu kweli kweli? Mti unabadilisha nini kwenye pigo? Na mpingo mtupu ni wazo zuri au nitakuwa nimemlipa fundi anitengenezee rungu?

chaki_bluu

Rungu. Ila ukifungwa unaweza kuondoka nalo bila kuguswa na mtu 😂😂

Mtoto wa Gerezani

Me nasubiri majibu, nna swali hilo hilo ila la mkongo badala ya mpingo.

Nane Mfukoni

Bwana Kona salama. Niko huku Minneapolis, nacheza ligi jumanne na alhamisi, na nimeshapoteza hela nyingi kwenye hizi fimbo kwahiyo acha nikusaidie usipoteze za kwako. Itakuwa ndefu, vumilia.

Kwanza tuanze na uzito, maana hapo ndio wazo lako linaanguka kabla hata hatujafika kwenye pigo. Fimbo ya kawaida ya pool ina urefu kama sentimita 147, na wengi tunacheza na uzito wa aunsi 18 mpaka 21, yani gramu 510 hadi 595 hivi. Sheria za shirikisho la dunia zinaruhusu mpaka aunsi 25, zaidi ya hapo hairuhusiwi. Sasa chukua nusu ya nyuma, urefu kama sentimita 73, mbele nene milimita 21 na nyuma 32. Huo ni ujazo kama sentimita za ujazo 400. Mpingo sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.2 mpaka 1.3, ndio maana ukiutupa kwenye maji unazama. Kwahiyo nusu ya nyuma peke yake ni gramu 500. Nusu ya mbele ni ujazo kama 140, ikiwa mpingo ni gramu 175. Ongeza skrubu na ule mpira wa chini (kizibo cha mpira kwenye kitako cha fimbo), umefika gramu 700 au zaidi. Hiyo ni karibu aunsi 25! Unagusa mpaka wa sheria kabla fundi hajaweka urembo wowote. Sasa mepo ngumu, ule mti mweupe wa Canada na kaskazini ya Marekani ambao ndio unatumika kwenye fimbo nyingi za huku, una kama gramu 0.7, kwahiyo nusu ya mbele inakuja gramu 100 tu.

Sasa utaniambia sawa, nitazoea uzito. Haya, twende kwenye sehemu mbaya zaidi, ya mbele.

Ukipiga mpira katikati, hakuna shida, unaenda ulikolenga. Ukiupiga pembeni ili uzunguke (spini ya kulia au kushoto), mpira hauondoki pale pale kwenye mstari wa fimbo, unasukumwa kidogo upande wa pili. Ukipiga kulia, unatoka umeelekea kushoto kidogo. Kila mtu aliyewahi kukosa mpira mwepesi akiwa ameweka spini anajua ninachosema hata kama hajui jina lake. Na kipimo cha kusukumwa huko kinategemea kitu kimoja hasa: uzito wa ile sehemu ya mbele kabisa ya fimbo, kama sentimita 15 mpaka 20 za mwisho. Mbele ikiwa nyepesi, inasogea yenyewe pembeni, mpira unabaki kwenye njia. Mbele ikiwa nzito, inagoma kusogea, anayesogea ni mpira.

Kwanini ni sentimita 15 tu na sio fimbo nzima? Kwasababu ngozi inagusana na mpira kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ule mtikisiko wa kwenda upande (sio wa kwenda mbele) unatembea polepole kwenye mti, mpaka mpira unaondoka habari hazijafika hata nusu ya mbele. Nyuma unakoshika bado hakujui kama kuna mtu kapigwa.

Sasa fanya hesabu: sentimita 15 za mwisho zenye unene wa milimita 13, ikiwa mepo ni kama gramu 14, ikiwa mpingo ni gramu 25. Umekaribia kuongeza mara mbili. Fimbo yako ya mpingo itasukuma nyeupe pembeni kiasi kwamba ukiweka spini utadhani meza imeinuka upande mmoja.

Ndio maana kampuni kama Predator miaka ya 1990 walitoa ile ya mbele iliyotobolewa ndani kwenye ncha, imeunganishwa kwa vipande vilivyopangwa kama vya chungwa, ili iwe nyepesi mbele na isijipinde. Na mwaka 2016 wakatoa ya kaboni, nyeusi tii, ambayo siku hizi huku ligini karibu kila meza ipo. Wote wanafukuza kitu kimoja, ncha iwe nyepesi. Na wewe unataka kwenda upande wa pili kabisa.

Kwa kifupi: mpingo nyuma sawa, mbele hapana.

Bwana Kona

Mkuu hii darasa nimeisoma mara mbili. Kwahiyo zile siku nalaumu meza ilikuwa ni ncha ya fimbo 😭

Lakini bado hujanijibu kitu kimoja, ile "tok" inatoka wapi? Maana fimbo ya jamaa haikuwa nzito na haikuwa ya kaboni, ni mti kabisa.

Hesabu Kali

Samahani naomba niharibu sherehe. "Tok" yako inatoka kwenye ngozi, basi. Ile fimbo ya baa mwenye baa hajabadilisha ngozi tangu afungue, imegandamizwa imekuwa kama jiwe na imejaa chaki ya miaka, jamaa yako kaja na ngozi ya tabaka imekatwa vizuri umbo la kuba. Hiyo ndio tofauti uliyoisikia. Weka ngozi mpya kwenye fimbo ya baa halafu urudi hapa utuambie.

Na tusidanganyane, mpira umeshaondoka kabla mkono haujahisi chochote. Kama Nane Mfukoni alivyosema mguso ni sehemu ya elfu ya sekunde, habari kutoka mkononi mpaka kichwani inachukua muda mrefu kuliko huo mara kadhaa. Kwahiyo unachokiita "pigo zuri" ni kelele na mtetemo unaobaki kwenye fimbo baada ya kazi kuisha. Ni kama kusifia moshi wa bunduki. Watu wanalipa maelfu ya dola kwa ajili ya moshi.

Kumbukeni hata historia, fimbo zilikuwa hazina ngozi, ni mti mtupu, na huwezi kuweka spini ya maana ukipiga na mti mtupu, inateleza. Yule Mfaransa Mingaud ndio anasifiwa kwa kuleta ngozi mwaka 1807 na ndio mchezo ukabadilika. Ngozi! Sio aina ya mti.

Nane Mfukoni

Hesabu Kali nusu yako ni kweli na nusu umekimbia mbele.

Kweli: ngozi ndio ya kwanza. Ngumu inaachia mpira haraka na inalia kali, laini inakaa kidogo zaidi na sauti inazama. Ukiniambia nna elfu hamsini tu nifanye nini, nitakwambia ngozi na mtu anayejua kuibandika. Hapo tuko pamoja.

Lakini mtikisiko wa kwenda mbele na nyuma (sio ule wa pembeni niliousema) unakimbia sana kwenye mti, kama mita 4000 kwa sekunde. Fimbo ina mita moja na nusu. Kwenda mpaka kitako na kurudi ni kama mita tatu, yani chini ya sehemu ya elfu ya sekunde. Kwahiyo kabla mpira haujaachana kabisa na ngozi, nyuma ya fimbo imeshapata taarifa. Ndio maana uzito wa fimbo nzima unaingia kwenye pigo la mbele, na ndio maana jointi iliyolegea unaisikia. Sio moshi mtupu.

Na hata huo moshi una kazi. Mimi nikipiga mara mia na fimbo ile ile, sikio langu linajua hii nimeipata katikati na hii nimeikosa kwa milimita mbili. Fimbo ambayo haiongei, au inaongea uongo, inanichelewesha kujifunza. Haibadilishi mpira huu, inabadilisha mpira unaofuata.

Hesabu Kali

Hiyo ya mpira unaofuata nakubali. Ila mita 4000 kwa sekunde haiangalii kama ni mpingo au mepo, yote inafika. Kwahiyo tukisema "mti gani" bado nashinda mimi.

Mkerezaji wa Pwani

Assalaam alaykum jamaa wote. Mimi ni fundi, niko Mombasa, kazi yangu ni kukereza, miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, mapambo ya milango, na fimbo za pool nimetengeneza kadhaa na nimetengeneza upya nyingi zaidi. Fizikia yenu ni nzuri lakini ndugu yangu Bwana Kona atakwenda kwa fundi si kwa mwalimu, wacha nami niseme.

Huu ubishi wa mti gani na mti gani watu huufanya kana kwamba mti ni jina. Mti si jina. Nimeona mepo mbovu na nimeona fimbo ya mti wa bei rahisi ikalia vizuri wallahi. Kinachotazamwa ni nyuzi za mti. Kwa ile ya mbele nyuzi ziwe zimenyooka kutoka mwisho hadi mwisho, zisikate upande. Ukiona mistari inaanza kati ya fimbo halafu yatokea ubavuni kabla ya kufika mwisho, hiyo itapinda, na kama si kupinda basi mlio wake utakuwa umekufa, kama kengele iliyopasuka. Miti yetu mingi, mvule, mkongo, hata mkangazi, nyuzi zake zimesukana, mara zaenda kulia mara kushoto. Kwa mlango hilo ni jambo zuri, haupasuki. Kwa fimbo nyembamba ya milimita 13 ni balaa. (Yule wa mkongo hapo juu umenisikia.) Mninga ni mtulivu sana, ukishakauka haunywi maji ovyo, lakini kwa mbele ni laini na si kila ubao ulionyooka.

La pili ni kukausha. Fimbo haikerezwi kwa siku moja! Wakata, wakereza ikiwa nene, waitundika kwa kamba, wasubiri wiki kadhaa, itapinda kidogo, waikereza tena kidogo, waitundika tena. Kila unapotoa nyama mti unajirekebisha. Fundi akikwambia njoo kesho uchukue, utachukua upinde. Na sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu, fimbo iliyotengenezwa mahali pakavu ikija huku hunywa unyevu ikavimba, jointi ikakaza au ikaacha mwanya. Usiiache kwenye gari juani wala usiiegemeze ukutani usiku kucha.

Mpingo nao una tabia yake. Ni mgumu, sawa, hula patasi, lakini una mafuta ndani, gundi haiushiki vizuri. Lazima uufute kwa asetoni kabla ya kubandika na ubandike papo hapo. Na wapenda kupasuka unapokauka, gogo la mpingo bichi ukilikereza leo kesho lina ufa. Vumbi lake vaeni kitu usoni, lina watu linawawasha mpaka kupumua shida.

Na sasa jointi. Wengi hudhani jointi ya chuma yapiga zaidi. Mimi naona jambo ni moja: nyuso mbili zikutane zote, bapa kwa bapa, bila mwanya hata wa karatasi. Ukifunga fimbo ukaweka taa nyuma ya jointi usione mwanga. Skrubu iwe kubwa yenye meno makubwa, ile ya unene wa tatu ya nane ya inchi yenye meno kumi kwa inchi ndiyo inayotumika sana kwa mti kwa mti, kwa sababu meno yake yashika mti wenyewe. Zile bolti za dukani zina meno 16, madogo, hukata mti zikalegea. Jointi ya chuma cha pua huongeza uzito katikati, mlio wake ni mkavu zaidi, wengine waupenda. Lakini iliyotengenezwa vibaya ni mbaya, iwe ya dhahabu.

Bwana Kona

Fundi wa Mombasa ahsante sana shikamoo kama ni mzee wangu. Sasa nusu ya mbele nipate wapi mepo hapa Dar? Siwezi kuagiza mti kutoka Canada kwa ajili ya fimbo moja.

Mkerezaji wa Pwani

Marahaba. Usiagize. Tafuta fimbo ya zamani ya kipande kimoja, ya mepo, iliyonyooka. Imekaa miaka, imeshapinda kama ilitaka kupinda. Ibiringishe mezani, isipodunda ndiyo hiyo. Kata nusu ya mbele, ya nyuma utengeneze mpya. Lakini angalia isiwe ramini, zile za bei rahisi nyingi ni ramini au mti mwingine mweupe. Mepo ni laini kwa kidole na ina vidoa vidogo vya kahawia kama vumbi la chai. Ramini ina vitundu vidogo virefu kama vimechomwa na sindano.

Nane Mfukoni

Hapo fundi umenikumbusha kitu kizuri. Kuna fundi wa fimbo anaitwa George Balabushka, mzaliwa wa Urusi 1912, akahamia New York, akafa 1975. Fimbo zake leo zinauzwa kwa hela ya nyumba. Sasa huyu mzee zile za mwanzo alikuwa anachukua fimbo za kipande kimoja za kampuni ya Brunswick zinaitwa Titlist, anazikata anazifanya vipande viwili, anaweka jointi yake na kazi yake. Kwanini Titlist? Kwasababu zile zilikuwa zimeunganishwa kwa meno, mti wa mbele umechongwa umeingia kwenye mti wa nyuma kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana, mrefu, umegandishwa na gundi. Hakuna skrubu katikati ya mpini.

Fimbo nyingi za kisasa mpini una vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa ndani kwa skrubu na gundi, chini ya uzi pale unaposhika. Ikitengenezwa vizuri hamna shida. Gundi ikiachia kidogo tu, fimbo inazizima kama nyuki kwenye chupa, unatafuta wiki nzima ni nini, unalaumu ngozi, unabadilisha, bado. Kwahiyo Hesabu Kali akiniuliza mti gani, namjibu mti umeunganishwaje.

Kwahiyo Bwana Kona ukikata fimbo ya baa unafuata nyayo za Balabushka, usione aibu.

Hesabu Kali

Hiyo ya nyuki nimeipata mimi mwenyewe na sikuwahi kusema hapa 😅 ilikuwa ile bolti ya uzito kwenye kitako. Kaza bolti zenu kwanza.

Mdau wa Leicester

Nimechelewa. Huku Uingereza tunacheza na mipira midogo, ncha ya fimbo ni milimita 8 na nusu hadi 9, na mti wa mbele wengi wanapenda eshi badala ya mepo. Eshi ina mistari ile kama mishale inaonekana juu ya fimbo, wachezaji wa snuka (mchezo ndugu wa pool) wanaitumia kulenga. Nimecheza na zote mbili muda mrefu. Eshi naisikia ina mtetemo zaidi kidogo mkononi, mepo imetulia, laini zaidi inapopita kwenye vidole. Eshi ina vitundu, fundi asipojaza vizuri inakwaruza. Ila mtu akinifunga macho sidhani kama nitazijua zaidi ya mara sita kwenye kumi. Nasema ukweli.

Na fimbo za snuka za huku nyuma yake ni nini? Mti mweusi! Mbele eshi, nyuma mweusi mzito umeingizwa kwa meno manne, ili uzito urudi mkononi. Kwahiyo wazo la Bwana Kona la mpingo sio la kijinga, watu wanaweka mti mweusi mahali pake tu. Angalia ule mweusi mara nyingi ni ebony, ndugu mwingine kabisa, sio mpingo wetu. Wetu ndio ule wa zumari na klarineti. Sijui kwanini wazungu wanapuliza mpingo na kupigia ebony.

Bwana Kona

Sawa nimeelewa. Mbele mepo ya fimbo ya zamani, nyuma mpingo. Lakini bado nusu ya nyuma gramu 500 + 100 + skrubu, ni aunsi 22. Nzito kwangu.

Nane Mfukoni

Usiweke mpingo nyuma yote. Gawanya. Kutoka kwenye jointi kama sentimita 30 weka mninga, una gramu 0.6 hivi na rangi yake na mpingo zinapendana. Mpini na kitako ndio mpingo. Nimepiga hesabu naona itatua gramu 560. Kitu kimoja tu, uzito utakuwa umekaa nyuma, fimbo nyingi zinasimama kwenye kidole kama sentimita 46 mpaka 48 kutoka chini, yako itakuwa 42 au 43. Mbele itajisikia nyepesi. Mwambie fundi aweke pete ya shaba kwenye jointi, inavuta mbele kidogo.

Na aunganishe kwa meno kama atakubali. Kama hakubali, skrubu ndefu na asetoni.

chaki_bluu

Kwahiyo hakuna rungu tena? Huu uzi umeniangusha.

Bwana Kona

Wakuu nimerudi, mwezi na nusu umepita. Mrejesho.

Fimbo ya zamani niliipata kwa mwenye baa mmoja alikuwa ameitumia kufungulia dari, nikaibiringisha mezani haikudunda, nikachungulia vile vidoa vya chai vipo. Alinipa kwa bei ya soda mbili. Fundi wa Mwenge alicheka niliposema asimalize haraka, lakini alitundika mninga na mpingo kwenye kenchi wiki tatu na akakereza mara nne. Meno alijaribu, kipande cha kwanza cha mpingo kikapasuka (fundi wa pwani ulisema), cha pili kikakubali. Skrubu nilichongewa na fundi wa mitambo, ya shaba, meno kumi. Pete ya shaba ipo.

Nimeipima kwenye mizani ya mama wa bekari: gramu 566. Inasimama kwenye kidole sentimita 43 na nusu.

Sasa pigo. Siku ya kwanza nilikata tamaa kabisa. Inalia "tok" lakini nyuma yake kuna ka-zzzz. Nikakumbuka nyuki kwenye chupa, nikaanza kuwaza gundi imeachia, hela imeenda. Nikakaza jointi, wapi. Nikafuata ushauri wa Hesabu Kali, nikageuza kitako: ule mpira wa chini fundi aliubana kwa skrubu fupi, unacheza. Nikaweka ndefu. Kimya. Tok tupu.

Spini bado najifunza upya maana ncha hii ni milimita 12 na nusu na ya baa ilikuwa 13 nene, na mazoea yangu ya kulenga pembeni kufidia yananifanya nikose upande wa pili sasa hivi. Jumamosi nimefungwa na mtoto wa kidato cha tatu. Ila sauti, wakuu, sauti…

Mtoto wa Gerezani

Picha tafadhali. Na namba ya fundi inbox.

Hesabu Kali

Ngozi uliweka gani?

Bwana Kona

Mpya, ya tabaka, ya kati. Najua unachotaka kusema.

Hesabu Kali

Sijasema kitu 😂